Saa Ishirini za Kuvaa

Mwalimu wetu wa kwaya alitokea kwenye kona ya mashamba ya mpunga akiongoza baiskeli kwa mkono mmoja, mkono wa pili umekumbatia boksi. Tulikuwa tumemsubiri pale uwanja wa kanisa, Mwamkulu, tangu umande haujakauka. Akina mama walipiga vigelegele kabla hajashuka. Mimi nilijifanya sina haraka, lakini nilipoona anaanza kukata kamba ya boksi kwa wembe niliwapita watu wazima wawili na kwenda kusimama mbele kabisa.

Ndani zilikuwemo saa. Saa ishirini za mkononi, zote za rangi ya dhahabu, zote sawasawa, mikanda ya chuma inayovutika kama lastiki. Msimu mzima tulikuwa tumelima karanga kwenye shamba la kwaya, na wengi walidhani karanga zile zitatoa vitambaa vya sare mpya. Mwalimu alikuwa na wazo kubwa zaidi. Kitambaa, alisema, kila kwaya inacho. "Lakini nyie fikirini. Mko mbele ya watu, mnainua mikono juu wote kwa pamoja, halafu hivi vitu viwake!" Akavaa moja, akainua mkono wake kutuonyesha, jua likapiga pale, na wote tukasema aaah kwa sauti nne bila kufundishwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na kwetu mtu mwenye saa alikuwa anahesabika. Kijiji kizima kilijua nani anayo, ni ya aina gani na aliipataje. Sasa ghafla kwaya moja ilikuwa na saa ishirini. Walikuja kutazama mazoezi yetu watu ambao kanisani hawakuwa wanakuja hata Pasaka.

Saa zile zilikuwa zimesimama. Pembeni, kwenye kile kitufe cha kutegea, kiwanda kilikuwa kimechomeka kijiplastiki cheupe ili mashine isitembee ikala betri dukani. Kwa hiyo zote, kama zilivyotoka kiwandani, zilionyesha saa nne na dakika kumi. Mwalimu alitoa amri moja tu: marufuku kuvuta kijiplastiki mpaka siku ya kurekodi. Betri mpya kwa siku kubwa. Nyumbani kwetu tulikuwa na kiti ambacho nailoni yake haikutolewa mpaka kiti chenyewe kilipovunjika, kwa hiyo amri hiyo haikumshangaza mtu. Tuliimba wiki nzima huku mikono yetu yote ikisema saa nne na dakika kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Mimi ndiye niliyekuwa na shida na jambo hili, na nilisema. Nilikuwa mhudumu pale zahanati, binti wa miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa tayari na saa yangu. Ilikuwa ya kiume, nzito, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Mkanda wake wa ngozi ulishaoza nikaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini mshale wake wa sekunde ulitembea vizuri, na kwa mshale ule nilihesabu mapigo ya damu ya wajawazito na pumzi za watoto wenye homa. Nilikuwa naamini, na nilikuwa mkali sana katika kuamini huko, kwamba saa isiyokwambia muda ni bangili yenye majivuno.

"Basi mimi napenda bangili," mama aliniambia.

Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti ya kwanza. Watu walimwita Mama Kwaya hata sokoni. Saa yake hakuivua tangu alipopewa, isipokuwa wakati wa kuosha vyombo, na hapo aliitundika kwenye msumari juu ya picha ya harusi yao na marehemu baba. Akisonga ugali, mkono wa kushoto uliokuwa na kazi ya kushika sufuria tu ulikuwa unazunguka zunguka hewani bila sababu. Jirani akimuuliza saa ngapi, mama aliinua mkono polepole, akaitazama saa yake kwa heshima, kisha akainua macho akalitazama jua, ndipo akajibu. Na hakukosea. Nilikuwa nalinganisha na yangu kwa siri, nikitamani akosee hata mara moja tu nimcheke.

Lakini mama hakuwa anacheza, na mimi nilijua. Siku ile ya kurekodi alikuwa anaisubiri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya bibi.

Bibi mzaa mama alikaa Ugalla, karibu na reli, kwa watu wanaotundika mizinga ya nyuki. Alikuwa mwanamke mkavu, hodari wa kazi, na alimlea mama kwa neno moja: nyamaza. Mama akiimba wakati wa kutwanga, nyamaza. Akiimba njiani kwenda mtoni, nyamaza. Bibi aliamini kwamba mdomo ukiimba mikono inalala. Isitoshe, alisema sauti ya mama ni ya chura wa masika. Mama aliolewa, akahamia Mwamkulu, akawa mwimbaji ambaye watu walitoka Sitalike kuja kumsikiliza, na bibi hakuwahi kumsikia hata siku moja. Miguu ilikuwa imekataa safari. Sasa na masikio yalikuwa yanaanza kufunga. Mara ya mwisho tulipokwenda kumwona tulilazimika kumsemesha kwa kuinama, na mama alilia njia nzima ya kurudi, kisha akafuta machozi akasema, "Nikipata kaseti, nitamwekea sikioni kabisa. Sikio moja bado linafanya kazi."

Kwa hiyo tulipopata habari kwamba fundi wa kurekodi kutoka Tabora amekuja Mpanda na mitambo yake, na kwamba kwaya yetu imepangiwa siku ya mwisho, saa saba mchana, kabla hajapanda treni ya saa tisa kurudi kwake, mama alikaa chini kwenye kizingiti akacheka peke yake. Mimi nilishikwa na furaha mpaka nikasahau kubishana.

Nilikumbuka kubishana asubuhi ya safari. Mwalimu alikagua mikono yetu mmoja mmoja. Alipofika kwangu akakuta saa mbili, ya dhahabu kushoto na lile dubwana langu kulia.

"Hiyo vua," alisema. "Unaonekana kama askari wa zamu."

"Mwalimu, hii inatembea."

"Na hizi zitatembea. Leo ndiyo leo."

Nilimtazama mama anitetee. Mama akanivua mwenyewe, taratibu, kama anamvua mtoto shati. "Siku moja tu, mama yangu. Leo kuwa mrembo." Nikaenda kuiacha saa yangu zahanati kwa muuguzi, ambaye alifurahi kuipata maana siku hiyo alikuwa peke yake na foleni ya watoto.

Sasa sikilizeni akili ya mwalimu wetu, maana mpaka leo naiheshimu ingawa ilitutia mashakani. Sisi hatukuzitega zile saa. Mwalimu alisema zimetegwa kiwandani na wataalamu, na kuzungusha mishale kwa vidole vyetu vya kupalilia mpunga kutaziharibu. Kazi yetu ni kungoja. Saa nne asubuhi shule ya msingi itagonga kengele ya mapumziko ya uji. Kengele ikilia, tutaimba wimbo mmoja mrefu wa kama dakika kumi, kisha atapuliza filimbi, na wote kwa pamoja tutavuta kile kijiplastiki. Wakati huo itakuwa saa nne na dakika kumi duniani na saa nne na dakika kumi mikononi. Watu wengine wanasogeza mshale uufuate muda. Sisi tulikaa juu ya tela la trekta la kutupeleka mjini tukangoja muda uufuate mshale.

Tulingoja sana. Mawingu yalikuwa yamefunga, masika yalikuwa yamekaribia, na jua halikuonekana hata kwa kubahatisha. Mama aliinua mkono, akaitazama saa, akainua macho, akayashusha bila jibu. Mimi njaa ilianza kuniuma, ile njaa ninayoijua ya karibu na chakula cha mchana.

"Mwalimu, hii saa nne imeshapita," nilisema. "Tumbo langu linajua."

"Tumbo halina mishale," alinijibu, na tela zima likacheka. Nilinuna kabisa.

Kengele ikalia. Ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti wa shule, na sauti yake ilifika kila mahali. Tukaimba! Tuliimba kwa nguvu mpaka mwenye trekta akaacha chai yake akatoka kututazama. Filimbi ikalia, vijiplastiki ishirini vikang'oka, na mshale mwembamba wa sekunde ukaanza kuruka mkononi mwangu. Nakiri niliukazia macho. Nilitazama mkono wa mama, nao unaruka, na wa jirani yake, unaruka vilevile. Dada mmoja wa sauti ya tatu aliuweka mkono wake sikioni akafumba macho. Trekta likanguruma, tukaondoka.

Kesho yake ndipo tulipojua kwamba siku ile ngedere walikuwa wamevamia shamba la mahindi la shule. Mwalimu mkuu aliwatoa wanafunzi wote kwenda kuwafukuza, uji ukachelewa, na kengele ya saa nne ikagongwa karibu na saa tano na nusu. Lakini hiyo ni kesho yake.

Tuliingia Mpanda mjini kama watu wenye muda wa kumwaga. Saa zetu zilisema bado sana kabla ya saa saba, na zote ishirini zilikubaliana mpaka dakika. Unapokuwa na saa moja unaweza kuitilia shaka. Ukiwa na ishirini zinazosema neno moja, shaka inatoka wapi? Hata mimi nilinyamaza. Tulitembea barabara ya sokoni tukiwa tumekunja mikono ya blauzi, na kila aliyetutazama tulimpa nafasi ya kutazama vizuri. Mzee mmoja Msukuma, aliyekuja mjini na ng'ombe zake mnadani, alimsimamisha mama akamuuliza kwa adabu ni saa ngapi. Mama akainua mkono. Ishirini tukainua mikono. Tukamjibu kwa pamoja, kwa sauti zetu nne, na mzee akavua kofia akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kisha mwalimu akasema tupige picha. Ewe! Tuliingia studio tukajipanga mbele ya pazia lenye maua na maporomoko ya maji. Mpiga picha akasema mikono chini, mwalimu akasema hapana, mikono kifuani, saa mbele. Picha ile ninayo. Mama yuko katikati, ameinua kidevu, mkono umelala juu ya moyo na saa imetokeza. Nilipomtazama pale studioni nilisahau hasira zangu zote. Mwanamke aliyeamka na jogoo maisha yake yote, aliyevaa kanga mpaka zikawa matambara, alikuwa amependeza, na alijua. Nilijiuliza nilikuwa nagombana na nini. Halafu nikakumbuka zahanati, nikaona bado nina haki kidogo.

Tulifika kwenye ukumbi wa kurekodia saa saba kasoro dakika kumi, kwa saa zetu. Fundi tulimkuta mlangoni, begi begani, mitambo imefungwa kwenye sanduku, uso umekunjamana.

"Nyie ndiyo Mwamkulu? Nimewangoja mpaka nimechoka. Mimi naondoka, treni itaniacha."

Mama akashika fremu ya mlango. "Fundi, tuliambiwa saa saba. Bado hata saa saba haijafika."

"Haijafika vipi? Saa saba imepita siku nyingi."

Mikono ishirini ikapanda juu.

Fundi alituangalia. Akatazama saa yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoiona: kubwa kama kisahani, yenye visaa vingine vitatu vidogo ndani yake na dira. Akaitikisa. Akaiweka sikioni. Saa ya yule kijana wa mjini ilikuwa imekufa, sijui tangu lini, naye aliivaa hivyohivyo kwa sababu ilimkaa vizuri. Akamgeukia mwenye funguo za ukumbi. Yule bwana akasema yeye hana saa, ila kwa jinsi anavyoona, watu ishirini hawawezi kukosea pamoja.

"Basi muda tunao," alisema fundi, akashusha begi.

Sijawahi kuimba kama siku ile. Tungekuwa tumeambiwa tuna nusu saa, tungeimba kama watu wanaofukuzwa. Lakini sisi tulikuwa matajiri wa muda. Mama alikunywa maji, akakohoa, akaomba maikrofoni isogezwe. Wimbo wa kwanza tuliurudia mara mbili. Wa pili fundi mwenyewe alitikisa kichwa, ameshika mashine yake iliyounganishwa na betri ya gari, miguu inapiga sakafu. Wa tatu ulikuwa wimbo wa mama. Aliutunga mwenyewe, unaanza yeye peke yake, sisi tunaingia baadaye kwa chini kama watu wanaokuja kwa mbali. Akaanza. Alipofika pale juu kabisa, pale ambapo sauti yake hukaa hewani na sisi hatupumui, honi ya treni ikalia.

Ilikuwa honi ndefu, ya kuondoka. Fundi aliruka. Alipiga mikono kichwani, mdomo wazi, lakini kwa ajili ya kazi yake hakutoa sauti. Sisi tulisita, sauti ya tatu ikakatika kabisa. Mama hakukatika. Alifumba macho akaibeba ile noti juu ya honi, honi ikalia tena, akaibeba tena, mpaka akaishusha mwenyewe alipotaka. Ndipo fundi akabonyeza kitufe cha kuzima na kupiga ukelele.

Tukatoka mbio! Fundi mbele na begi, mwalimu na sanduku, wanaume wawili na betri ya gari katikati yao, akina mama sketi mkononi, wote tukikimbilia stesheni, saa za dhahabu zinawaka kila upande. Watoto wakatufuata wakidhani kuna fumanizi. Tulifika tukaona mgongo wa behewa la mwisho ukiingia porini. Fundi alikaa chini kwenye changarawe.

Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka. Jua lilitokea, na lilikuwa limeinama upande wa magharibi zaidi ya tulivyotegemea. Mama alilitazama.

"Hii ni saa tisa na zaidi," alisema polepole.

Fundi akainua kichwa. "Na hiyo ya mkononi, mama?"

Mama akaitazama saa yake, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Hii ni ya kuvaa," akasema.

 Kisha mpagazi mmoja pale stesheni akaangua kicheko, na mimi nikafuata, na nikiisha kuanza kucheka siwezi kujizuia. Mwalimu alinikodolea macho, naye akashindwa. Fundi ndiye aliyechelewa kucheka, lakini hatimaye alivua lile lisaa lake lenye dira, akalitazama, akalitia mfukoni.

Treni ya pili haikuwa kesho wala keshokutwa. Mama alisema mgeni hawezi kulala stesheni kwa makosa yetu, tukarudi naye Mwamkulu juu ya tela. Alikula wali wa mpunga mpya na kuku, akaongezwa, na hasira ikamtoka kidogo kidogo. Jioni mama aliuliza swali lililokuwa linamkaba tangu stesheni: wimbo wake umetoka?

Fundi akatikisa kichwa. Kaseti ile isingeweza kwenda kuuzwa, kwa sababu honi ilikuwa imeingia katikati, tena mara mbili. Mama aliinama akaanza kuokota sahani ingawa watu walikuwa bado wanakula. Sikuwahi kuuona mgongo wake ukiwa mdogo namna ile.

"Lakini nina siku za kukaa hapa," fundi alisema haraka, maana hata yeye aliona. "Tutarekodi upya, kanisani kwenu, kwa nafasi. Hii yenye honi, kama unaitaka, chukua wewe."

Mama alizishusha sahani. "Naitaka," alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa sherehe. Tulirekodi upya mpaka fundi akaridhika. Mimi nilirudishiwa saa yangu ya ufunguo, nikakusanya zile za dhahabu nikazitega moja baada ya nyingine kwa vidole vyangu vya zahanati, na hakuna iliyoharibika. Mwalimu alisimama nyuma yangu akitazama kama nafanya upasuaji. Nilitega kumi na tisa. Ya mama sikuipata. Aliificha kwenye kifua cha blauzi, akasema yeye na saa yake wanaelewana.

Treni ilipokuja tulipanda wote watatu, fundi akielekea Tabora, mimi na mama tukishuka Ugalla na redio kaseti ya kuazima, betri zake mpya kwenye fundo la kanga. Mama alikaa dirishani. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema, "Akisema ni chura, je?" Nilitaka kumtania, nikaacha, nikamshika mkono.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba yake, anapepeta. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha ungo, kisha akaushika mkono wa mama akaugeuza huku na huku. "Dhahabu?" aliuliza. Mama akasema ni rangi tu. "Inafanya kazi gani?" Mama akasema haifanyi kazi yoyote, inapendeza. Nilingoja bibi afoke. Akasema, "Inapendeza kweli," akamwachia mkono.

Nikaweka redio karibu na sikio lake la kulia, lile linalofanya kazi, nikabonyeza. Mama alienda kukaa mbali kidogo, akajifanya anachambua mchicha ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Sauti yake ikatoka, peke yake, kisha sisi kwa chini. Uso wa bibi haukusogea. Ilipofika pale juu, honi ikalia.

Bibi akageuza kichwa kuelekea relini. "Treni hilo?"

"Si la leo, bibi," nilimwambia kwa kuinama. "Liko humo ndani."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema rudisha. Nikarudisha, akasikiliza tena, mkono umeshika ukingo wa ungo. Akasema rudisha. Mara ya tatu alipoisikia honi alimtafuta mama kwa macho.

"Treni linapiga kelele na wewe unaimba?"

"Ndiyo, mama," mama alijibu kutoka kule kwenye mchicha, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

"Hukunyamaza."

"Sikunyamaza, mama."

Bibi akaweka ungo chini. Akatazama mikono yake.

"Zima hilo dude," aliniambia. Kisha akamwambia mama, "Njoo hapa karibu na sikio. Imba."

Mama akaja akapiga magoti kwenye ngozi. Yeye aliyeimba juu ya honi ya treni, aliyesimama mbele ya ukumbi mzima bila kupepesa, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanamshuka, na wimbo wake mwenyewe ulikuwa umempotea. Nikamwonea huruma, nikauanzisha mimi, mstari wa kwanza, ili apate pa kuingilia.

Bibi akaninyooshea kidole.

"Wewe nyamaza," akasema. "Nimesema yeye."